Picha Ukutani na Haki ya Aliyeichora



Limezuka jambo katika miji yetu ambalo wazee wetu hawakulijua sana. Kijana akishapata kazi nzuri na nyumba yake mwenyewe, haridhiki tena na kalenda na saa ya ukutani. Hununua picha zilizochorwa kwa mkono na wachoraji walio hai, leo moja, mwakani nyingine, mpaka ukumbi ukajaa. Wengine hutuuliza: Jee, jambo hili lafaa? Na aghalabu swali lao ni moja tu: ikiwa picha ina mtu au mnyama, ni halali au ni haramu?

Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini ni ajabu kuwa twashikana mashati juu ya jambo walilohitilafiana maulamaa, kisha twanyamaza juu ya mambo yaliyomo katika ununuzi huo huo ambayo hakuna mwanachuoni aliyeyahalalisha: dhuluma, ghushi, riya na israfu. Mtu huiogopa ile picha ya ndege, wala haiogopi bei aliyoinunulia.

Ama picha yenyewe, imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha, na Mtume (S.A.W.) aliporudi safarini akalichukia na kuliondoa. Bibi Aisha akalikata akafanya mito, na Mtume akawa akiiegemea. Kwa Hadithi hii na nyinginezo, maulamaa wengi, na wa madhehebu yetu ya Shafii wamo, wamekataza kutundika mahali pa heshima picha ya chenye roho. Na wako, hasa katika madhehebu ya Imam Malik, waliosema kuwa picha isiyo na kivuli, yaani iliyochorwa juu ya kitu bapa, ni makuruhu. Anayetaka kusalimika na aiache iliyo na hitilafu. Na anayefuata kauli nyepesi, japo asiiweke upande wa kibla anaposali, kwani Mtume alitaka liondolewe pazia ambalo picha zake zilikuwa zikimshughulisha katika Sala.

Na anayesalimika hakukosa kitu. Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya kuchora kwamba achore miti na visivyo na roho. Mlango huo ni mpana: miti, bahari, majahazi, nakshi, na khati. Wala usidhani kuwa khati ni sanaa ya kale iliyokwisha. Mchoraji wa Sudan, Ibrahim El-Salahi, alizaliwa Omdurman mwaka 1930, na babake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alikwenda London kusomea uchoraji tangu 1954 mpaka 1957. Aliporudi Khartoum na kuonyesha kazi zake, watu hawakuzijali. Yeye hakuwaita wajinga. Alizunguka nchini akatazama wanapamba nini majumbani mwao, akaona khati na nakshi za mikono. Ndipo akaanza kuziingiza herufi za Kiarabu katika picha zake, na watu wakaanza kuzisogelea. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilifanya maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake. Si kila kazi yake itapita kwa kauli ya kwanza tuliyoitaja, kwani nyingine zina sura za watu. Lakini funzo lake lamfaa anayeanza kununua: anza na kile ambacho macho ya watu wa nyumba yako yanakijua na kukipenda, usianze na kile ulichoambiwa kuwa ndicho kinachopendwa na wakubwa.

Kuhusu matumizi ya mali, Kurani katika Sura Al-A'raf inawakemea wanaoliharimisha pambo alilowatolea Mwenyezi Mungu waja wake, na aya iliyo kabla yake inakataza israfu. Aya mbili hizi ni jirani, na sisi tusizitenge. Uzuri ni halali. Lakini ikiwa una deni lililofika muda wake, au msichana anayekufulia nguo hajalipwa mshahara wa mwezi uliopita, picha hiyo ni israfu hata ikiwa bei yake ni ndogo. Na asiyedaiwa, akatoa haki za watu wake na za maskini, hatuna ruhusa ya kumharimishia pambo lake.

Sasa tuje kwenye lililo zito zaidi, nalo ni haki ya yule aliyechora.

Mtazame Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Alikuwa mtu wa kazi za mikono, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na wateja wake wengi walikuwa wageni. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Alichora kwa miaka minne tu. Baada yake jina lake likawa jina la mtindo mzima, ndugu na wanafunzi wake wakauendeleza, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda ushirika wao. Picha alizozichora yeye mwenyewe zikaja kutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Japani, na zikatokea za bandia zenye saini yake. Kujifunza mtindo wa mwalimu si kosa, ndivyo ufundi wote unavyorithiwa. Kuandika jina la maiti juu ya kazi asiyoifanya ni ghushi, na anayeinunua naye ajua ni mshirika wake.

Lakini wengi wetu hatufiki huko kwenye saini. Kosa letu liko kwenye bei. Mtu huingia kwa mchoraji, akaona kazi ya siku kumi. Ajua kuwa fundi yule amedaiwa kodi ya chumba na mwezi umekwisha. Akataja nusu, akanyamaza, akangoja shida imfanyie kazi yake. Kisha akifika nyumbani huwahadithia wageni jinsi alivyoipata kwa bei ya kutupa. Mtu huyo huyo, akienda dukani kununua kochi lililotoka ng'ambo, hulipa kama ilivyoandikwa.

Kupatana bei ni halali, na biashara ni maridhiano. Lakini Nabii Shuaib (A.S.) aliwaonya watu wa Madyan wasiwapunguzie watu thamani ya vitu vyao, na onyo hilo alilitaja pamoja na lile la vipimo na mizani. Ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa dhaifu. Ufaransa, tangu mwaka 1920, sheria humpa mchoraji, na warithi wake baada yake, sehemu ya bei kazi yake inapouzwa tena. Hawakuitoa katika vitabu vyetu, lakini wameiona haki. Sisi tulio na vitabu tumeifanyia nini?

La mwisho ni nia, nayo huonekana hata katika hukumu ya Zaka. Aliyenunua picha ili aitazame nyumbani mwake, haina Zaka. Aliyeinunua kwa nia ya kuiuza itakapopanda bei, hiyo ni mali ya biashara: ikitimia nisabu na mwaka, huthaminiwa kwa bei ya sokoni na kutolewa asilimia 2.5. Picha ni ile ile na ukuta ni ule ule, kilichogeuza hukumu ni kilichomo moyoni. Basi jiulize kabla hujatoa pesa: lau kama hataingia mgeni yeyote katika ukumbi huu, ningeinunua? Ukiona jibu ni hapana, jua kuwa unanunua macho ya watu.

Kwa hivyo, ndugu yangu, unayetaka kuanza na aanze na moja. Itazame leo, urudi kuitazama wiki ijayo. Muulize mchoraji jina lake na namna alivyoifanya, na uandike jina hilo, mwaka na bei katika daftari, ili watoto wako wasirithi ukuta usio na habari. Lipa taslimu, usimwambie njoo mwezi ujao. Na ikiwa bei yake imekushinda, muombe dua uondoke, kuliko kumvunja.

Picha utakayoinunua hivyo utaitazama kila siku moyo wako umetulia, na aliyeichora atalitaja jina lako kwa kheri.

Wabillahi tawfiq.