Jeshi Lililolevywa na Asali

Fuata nyuki ule asali, husema wahenga. Ni kweli, ila kwanza ujue nyuki huyo ametua kwenye ua gani.

Baada ya vita vya mwaka 401 K.K. karibu na Babeli, maelfu ya askari wa Kigiriki walishika njia ya kurudi kwao. Walipokaribia Trapezus, mji ambao leo ni Trabzon nchini Uturuki, kando ya Bahari Nyeusi, waliwashinda wenyeji, wakawatimua na kupiga kambi vijijini mwao. Chakula kilikuwa tele, na mizinga ya nyuki ilikuwa mingi ajabu.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Xenophon, mmoja wa makamanda wao, ameandika kwamba waliolamba kidogo walipepesuka kama walevi, na waliokula sana wakawa kama wendawazimu au watu wanaokata roho. Walitapika, wakaharisha, wakalala chini wametapakaa kama jeshi lililoshindwa vitani. Hakufa hata mmoja. Kesho yake fahamu zikaanza kurudi, na siku ya tatu au ya nne wakainuka.

Milima ya eneo lile imejaa vichaka vya rododendroni. Mbochi wa maua yake, ambao nyuki hutengenezea asali, una sumu ya grayanotoksini, ambayo hushusha shinikizo la damu na kupunguza mapigo ya moyo. Huenda wenyeji walilijua jambo hilo, lakini wenyeji ndio hao waliokuwa wamefukuzwa. Hapakubaki wa kuulizwa.

Zaidi ya miaka 300 baadaye, jeshi la Pompey wa Roma lilipita kwenye milima hiyohiyo. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasimulia kuwa Waheptakometai, kabila la milima hiyo, waliwatengea mabakuli ya asali hiyo njiani. Askari wakanywa, wakarukwa na akili, na vikosi vitatu vikachinjwa. Asali ya bure, tena katika nchi ya adui, hakuna aliyejiuliza imewekwa na nani.

Ujuzi wa nchi unakaa kwa wenye nchi. Anayewadharau hula asichokijua. Kwa hiyo ukinunua asali ya porini, muulize mrina alitundika wapi mizinga, na msimu ule kulichanua nini. Ukiila ukapata kizunguzungu, jasho na kichefuchefu, nenda hospitali mara moja, na uchukue chupa ya asali daktari aione. Mrina asiyejua nyuki wake walilisha wapi, usinunue kwake.