Fuvu la Rusinga ni la Nani?

Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria upande wa Kenya, Mary Leakey aligundua fuvu la sokwe wa kale aliyepewa jina la Proconsul, aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Majivu ya volkano yalihifadhi huko hata wadudu na matunda. Fuvu lilipelekwa Uingereza, likarudi Kenya mwaka 1982.

Je, Kenya ilistahili kulidai kwa haki ipi? Wengi husema: limetoka katika ardhi yake. Lakini sokwe huyo alikufa hata ziwa lenyewe halijakuwapo, sembuse mipaka. Na kama ni jamaa, ni jamaa wa wanadamu wote.

Hoja yenye nguvu ni ya amana. Fuvu liliazimwa, halikutolewa zawadi. Na mwazimaji hawi mwenye mali kwa kukaa nayo miaka mingi, wala kwa kuitunza vizuri.

Ila amana inatubana na sisi. Fuvu likirudi likafungiwa kabatini, mwanafunzi wa Kisumu au Kampala asilione, tutakuwa tumerithi uchoyo uleule tulioulaumu.