Je, Anayefundisha Kimya Amekimbia Vita?

Sisi tunaohudumu huku Makuyuni, kando ya barabara kuu itokayo Korogwe kwenda Mombo, tumezoea kulipima kanisa kwa sauti yake. Kanisa hai, tunasema, ni lile linalonena. Waliotutangulia milimani Usambara walikuwa na kiwanda chao cha uchapaji pale Vuga. Mwaka 2018 maaskofu wetu wa KKKT walipotoa waraka wa Pasaka, "Taifa Letu, Amani Yetu", wengi wetu tulishukuru kwamba kanisa halijawa bubu. Kwa hiyo tukisikia kuwa mtu aliyekuwa akichapa maandishi na kuwatetea wanyonge sasa anafundisha watu kuketi, kunyamaza na kuzingatia pumzi zao, swali hutujia lenyewe: huyu amekimbia? Si swali la wivu. Mjane aliyesogezewa mpaka wa shamba hana haja ya kufundishwa kupumua. Anahitaji mtu wa kufuatana naye mpaka baraza la ardhi.

Tuanze na mtu asiye wa imani yetu, maana kwake jambo hili laonekana wazi. Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha aliyezaliwa Vietnam mwaka 1926, alikuwa mhariri wa jarida la Wabudha, akashiriki kuanzisha nyumba ya uchapishaji, na katikati ya miaka ya 1960 akaanzisha chuo cha vijana waliokwenda vijijini kutibu wagonjwa na kujenga upya nyumba zilizopigwa mabomu. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kuwasihi watu wakomeshe vita. Hakuruhusiwa kurudi nyumbani mpaka 2005. Mwaka 1967 Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti, alimpendekeza kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Baadaye, akiishi uhamishoni Ufaransa, alijulikana duniani kama mwalimu wa uzingativu, yaani moyo kuwapo pale mwili ulipo.

Wengi wanaijua nusu hiyo ya pili tu, nayo siku hizi huuzwa mijini kama dawa ya uchovu wa maofisini. Lakini kitabu chake kilichoenea sana juu ya uzingativu kilianza kama barua ndefu kwa mwenzake mmoja wa chuo kile, aliyebaki Vietnam wakati vita ikiendelea. Waliolengwa walikuwa watenda kazi waliochoka, ambao wenzao kadhaa walikwisha kuuawa. Mtu anayejenga kijiji kilichobomolewa tena na tena huvunjika moyo, au huanza kuchukia. Barua ile ilikuwa sehemu ya kazi ileile ya kujenga.

Hapa Mlutheri husita, na ana sababu. Hatufundishi kwamba mtu akizama ndani yake atakuta mwamba wa kusimamia. Neema hutujia kutoka nje yetu, kwa Neno. Kwa hiyo hatuwezi kulichukua somo la mtawa yule zima zima. Hata hivyo tunaye wa kwetu. Agosti 1933 Dietrich Bonhoeffer alikuwa Bethel, Bethel ileile ambayo misheni yake ilihudumu Usambara, akisaidia kuandika ungamo la kulipinga fundisho potofu lililoingia kanisani pamoja na Wanazi. Mwaka 1935 akakabidhiwa seminari ndogo ya wachungaji, iliyohamia Finkenwalde. Aliwaagiza wanafunzi wake nusu saa ya kimya kila asubuhi, juu ya andiko moja fupi, hilohilo juma zima, bila kulitafutia hubiri. Walilalamika, wengine hawakujua wafanye nini na nusu saa hiyo. Hata Karl Barth aliandika kwa wasiwasi kwamba alinusa harufu ya utawa. Polisi wa siri hawakudhani kwamba pale pamejificha wakimbizi. Mwaka 1937 waliifunga seminari, na kabla ya mwaka kwisha wachungaji 27 waliopitia pale walikuwa wamekamatwa.

Tena kabla yake kuna Luther mwenyewe, mtu aliyeijaza Ujerumani kwa vijitabu vya mabishano. Mwaka 1535 aliandika kijitabu kuhusu kuomba, kwa ajili ya Petro, kinyozi wake. Anamwambia kwamba kinyozi mwema huweka macho na mawazo yake kwenye wembe na ndevu. Akizungumza na kutazama huku na huku, atamkata mtu pua au koo. Na sala ni vivyo hivyo. Mkata mkonge wa huku kwetu haelezwi mara mbili: jani lina mwiba nchani, na jicho halina akiba.

Lakini habari ya Petro haiishii hapo, na tusiifiche. Mwaka huohuo, wakati wa Pasaka, akiwa mlevi mezani, alimchoma kisu mkwewe, mume wa binti yake, akafa. Kitabu bora cha kutuliza moyo kilikuwa kimeandikwa kwa ajili yake! Anayetuahidi kwamba kimya kitawafanya watu wote kuwa wema, basi hajasikia habari za kinyozi huyu. Luther naye hakusema, "Nimekwisha kumfundisha." Yeye na wengine walimwombea kwa wakuu, na adhabu yake ikawa kufukuzwa nchini badala ya kuuawa.

Basi kuhusu yule aliyeacha mtambo wa uchapaji, tusiharakishe kumhukumu kwa kuwa amenyamaza. Tungoje tuone atakapoinuka anaelekea wapi. Eliya naye alikimbia kwelikweli, mpaka pangoni Horebu, na baada ya upepo, tetemeko na moto akasikia sauti ndogo ya utulivu. Sauti hiyo haikumruhusu kubaki pangoni. Ilimrudisha jangwani, njia ya Dameski, akawatie mafuta wafalme wawili na nabii wa kushika nafasi yake.