Lazima Nikumisi Ndio Nikufae?

Mjini tunaulizana sana, "Beshte yako wa karibu ni nani?" Swali linakuja kwa deti ya kwanza, kwa redio asubuhi, hata kwa matatu ukikaa karibu na mtu mwenye maneno mengi. Mimi hutaja binamu yangu, mambo yakaisha. Nikisema ukweli, kwamba sina na sijawahi kutaka kuwa naye, watu hunionea huruma. Wanadhani kuna mtu aliniumiza.

Hakuna aliyeniumiza. Naelewana na watu, nacheka nao, nawaheshimu. Lakini ile hamu ya kutaka mtu fulani tuzoeane, tuambiane siri, nimkumbuke akisafiri, mimi sina. Nilipoacha chuo, wenzangu waliniuliza kama nawamisi. Niliwatakia mema wote, na bado nawatakia. Kuwamisi, hapana.

Watu wa aina hii wamejipa jina: aplatoniki. Jina lilianza mtandaoni, miongoni mwa wale wasiovutwa na mapenzi au ngono. Waligundua kwamba kuvutwa na watu kuna aina nyingi, na mtu anaweza kukosa moja akawa na nyingine. Kuna aplatoniki anayempenda mumewe kabisa ila hana haja ya marafiki. Kuna mwingine hataki chochote kati ya hivyo viwili.

Jina ni sawa, lakini halijibu swali linalonisumbua. Mtu asiyesikia urafiki, anaweza kuwa mwema kwa wenzake?

Wakubwa wa falsafa wanaonekana kunikataa. Aristotle aliupa urafiki sehemu mbili kati ya kumi za kitabu chake cha maadili kwa Nikomako, na akaona hakuna ambaye angechagua kuishi bila marafiki hata angekuwa na mema mengine yote. Huku kwetu, John Mbiti wa Kitui alieleza katika African Religions and Philosophy, mwaka 1969, kwamba Mwafrika yuko kwa sababu wenzake wako. Ukiwasoma haraka, mimi ni nusu mtu.

Sasa wasome polepole. Jamii anayoieleza Mbiti ni ya ukoo, rika, wazee, waliokufa na watakaozaliwa. Haikujengwa juu ya nani anamvutia nani. Ukituma mchango wa matanga, hakuna anayekuuliza kama ulikuwa na hamu na marehemu. Hata Waswahili waliosema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki walipima kufaa. Hawakuuliza moyo wake unasikia nini.

Immanuel Kant angekubaliana nao. Mwaka 1785 alitoa mfano wa mtu ambaye kwa maumbile yake shida za wengine hazimgusi, lakini anawasaidia kwa kuwa ni wajibu. Kwa Kant, tendo la mtu huyo ndilo lenye thamani ya kimaadili, kuliko la yule anayesaidia kwa sababu anafurahia kusaidia.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu Kant ananipa ushindi. Lakini mwaka 1976 mwanafalsafa Michael Stocker aliuliza swali gumu. Umelazwa hospitalini, umechoka na upweke. Mtu anakuja kukuona, unafurahi, unamshukuru. Halafu unagundua amekuja kwa sababu tu ni wajibu wake. Si utasikia kuna kitu kimepotea?

Hilo nimeliishi. Jirani mmoja kwenye ploti yetu alilazwa siku tisa, nami nilimpelekea uji kila jioni. Alipopona akaanza kuja kwangu, kuniita dadangu, kunisimulia mambo yake. Baada ya miezi akaniuliza, "Mbona ni mimi tu nakutafutanga?" Nikamwambia, "Ukiniita nitakuja saa yoyote. Lakini kukutafuta tu hivi, bila sababu, mimi sinanga hiyo." Alinyamaza. Tangu siku hiyo haji sana. Alipowekwa zamu ya usiku kazini, hata hivyo, mtoto alilala kwangu, na hakuniuliza mara mbili kama niko sawa na hilo.

Mfano wa Stocker unatuwekea mambo mawili tu: unakuja kwa kumpenda mtu, au unakuja kwa wajibu. Uji ule sikuupeleka kwa hamu, na sikuupeleka nikihesabu wajibu. Niliupeleka kwa sababu alikuwa mgonjwa, chakula cha wodini kilimshinda, na nilitaka ale. Nilimwangalia yeye. Aristotle mwenyewe anasema rafiki wa kweli humtakia mwenzake mema kwa ajili ya huyo mwenzake. Hiyo nusu ninayo. Nusu ya pili, ile ya kufurahia kukaa pamoja siku nenda siku rudi, ndiyo sina.

Na nusu hiyo si ndogo. Jirani yangu alitaka kutafutwa, na kutaka kutafutwa si kosa. Ningeweza kuigiza: ujumbe wa "nimekumisi" kila Jumapili, emoji ya moyo, imeisha. Wengi wangesema huo ndio utu. Mimi naona ningekuwa namwibia, kwa sababu angejenga juu ya kitu ambacho hakipo. Alistahili kujua anachoweza kuegemea kwangu na asichoweza, halafu aamue mwenyewe. Aliamua. Moyo wa kutafutwa aliupeleka kwingine, mtoto akamleta kwangu.

Nami pia nalipa. Watu huwatembelea wagonjwa wanaowapenda kabla ya wale wanaowaheshimu tu. Siku nikilazwa, sijui ni nani atakuja, na siwezi kumdai mtu hamu ambayo mimi mwenyewe sikumpa. Nitakachoweza kutegemea ni kwamba pengine kuna mwingine wa aina yangu mahali, atakayesikia kwamba mtu fulani hajala.