Selimundu na Lawama ya "Upande wa Mama"



Huku kwetu Kilombero mtoto akiugua selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, husikii watu wakikawia kutafuta mkosaji. Upande wa baba utasema, "Kwetu ugonjwa huu haupo, ameuleta mwanamke." Mama anabeba mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, na juu yake anabebeshwa lawama ya ukoo mzima. Wengine wanaachwa kabisa. Je, ni haki? Tuanze na vinasaba.

Vinasaba, yaani DNA, ni kama maandishi ya herufi nne tu, yaliyomo karibu katika kila seli ya mwili. Kila jeni, yaani fungu moja la maelekezo hayo, kwa kawaida unayo nakala mbili: moja ya baba, moja ya mama. Aliyetufungulia hesabu za kurithi alikuwa padre, Gregor Mendel, Mwagustino wa Brno, aliyechapisha kazi yake juu ya njegere mwaka 1866. (Wale wanaosema eti Kanisa na sayansi haziivi, mpo?)

Kwenye selimundu ni herufi moja tu iliyobadilika, katika jeni ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu. Ukiwa na nakala moja ya namna hiyo, kwa kawaida huumwi. Ukiwa nazo mbili, chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Sasa piga hesabu: mtoto mwenye nakala mbili kapewa moja na mama, nyingine na baba. Yule baba wa "kwetu haupo" anayo, sema tu haijamuumiza.

Tena kuna jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alionyesha kwamba nakala moja humkinga mtu na malaria kali. Bonde letu ni la maji na mpunga, na Taasisi ya Afya Ifakara imechunguza mbu hapa miaka mingi. Huenda hicho kinachoitwa laana ndicho kilichomvusha bibi yako utotoni, ukazaliwa wewe! Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba uovu ni kukosekana kwa wema unaopaswa kuwapo. Maumivu ya mtoto ni upungufu wa kweli, lakini herufi haina dhambi. Kumkimbia mkeo ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Wanafunzi walipomuuliza Yesu kama kipofu aliponzwa na dhambi zake au za wazazi wake, alikataa yote mawili.

Na ninyi wachumba? Mkiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa. Kila mimba, jamani. Aliyetangulia kuugua hawalipii wadogo zake. Kanisa halikatazi wabebaji kuoana, wala si dhambi kuachana kwa heshima kabla ya kiapo. Mimi naona kupima mapema ni haki ya mwenzako, na kumficha majibu ni kumwibia uhuru wa kusema "ndiyo". Ila majibu hayo yasigeuke mizani ya kupima nani anastahili kuzaliwa. Hapo Kanisa halisogei, nami sisogei.

Kwenye semina ya ndoa parokiani, ombeni mhudumu wa afya aje aeleze jambo hili. Akina kaka wakae mbele.