Deni la Kilio

Tarehe 18 Machi 2020, siku nane baada ya mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 kutangazwa Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alitoa amri zilizofika hadi kwetu Kamina, Katanga. Shule zilifungwa, ibada zikasimamishwa, mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa. Ndani ya amri hizo palikuwa na moja ambayo haikuzungumzwa sana: matanga yasiwekwe tena majumbani wala kwenye kumbi, na maiti itoke mochari moja kwa moja hadi kaburini, ikisindikizwa na watu wachache. Kwa mwenyeji amri hiyo ilikuwa chungu. Kwa mtu aliyetoka mbali ilikuwa chungu mara mbili, na swali ililoliacha ni la dini na falsafa kabla halijawa la daktari. Mtu amefiwa na mama yake Mwene-Ditu, kule Kasai, yeye yuko Kamina. Hawezi kwenda kuzika, na hapa alipo hakuna anayeruhusiwa kumkalia kilio. Miezi inapita, usingizi haumjii, chakula hakimshuki, kazi haina ladha. Ana kasoro gani? Imani yake imepungua? Akili imeugua? Mimi naona kwamba, mara nyingi, mtu huyu anadai. Kuna kilio alichostahili kukaliwa, hakukaliwa, na deni hilo liko juu ya jamii anayoishi nayo.

Kamina haiwezi kusema kwamba jambo hili haliihusu. Mji huu umekuzwa na reli. Njia ya kampuni ya BCK kutoka Katanga ilifika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo kule Kasai, mwaka 1928, na pamoja nayo wakaja Wakasai kufanya kazi relini, maofisini na sokoni. Wajukuu wao bado wanaitwa wageni. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, familia nzima zililala stesheni kwa wiki nyingi zikingoja treni, na watoto wengi wakafia hapohapo na njiani. Kuanzia 2016 vita vya waasi wa Kamwina Nsapu vikawatoa watu zaidi ya milioni makwao kule Kasai. Kwa hiyo janga la 2020 halikuwakuta watu wenye mioyo mizima. Liliwakuta watu ambao tayari walikuwa na wafu wasiozikwa kwa heshima, likawaongezea wengine. Na hali hii si ya Kamina peke yake. Desemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa majibu ya wahamiaji na wakimbizi wapatao 30,000 kutoka nchi nyingi: angalau nusu walisema janga limewazidishia huzuni, wasiwasi na upweke. Waliojibu walikuwa wale wenye intaneti. Asiye na simu hakuulizwa.

Jibu linalotolewa haraka zaidi makanisani ni kwamba mwenye imani hakati tamaa. Aombe, afunge, huzuni itaondoka. Jibu hili halina msingi katika Maandiko yenyewe. Nabii Eliya, alipomkimbia malkia Yezebeli, alivuka hadi Beer-sheba katika nchi ya Yuda, akamwacha mtumishi wake, akaenda jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Huyu ni mkimbizi, na ni nabii ambaye siku chache tu kabla ya hapo maombi yake yalishusha moto. Tuangalie Mungu alimfanyia nini. Hakumkemea. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, akaguswa mara ya pili na kulishwa tena. Mazungumzo juu ya utume wake yalikuja baadaye, huko Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Rafiki za Ayubu nao walianza vizuri: waliketi naye chini siku saba bila neno. Walikosea walipofungua midomo kumweleza kwa nini anateseka, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si yeye aliyelalamika.

Jibu la pili ni la kisasa na lina heshima zaidi: huu ni ugonjwa, na ugonjwa una dawa. Sehemu ni kweli. Yupo anayesikia sauti, yupo anayetaka kujiua, na huyo apelekwe hospitali bila kucheleweshwa na mkesha wowote. Lakini tukiita ugonjwa kila huzuni ya mgeni, tunahamisha ndani ya kichwa chake jambo lililotokea kati yake na sisi. Daktari wa akili Frantz Fanon aliliona mwaka 1952, alipoandika juu ya wafanyakazi wa Afrika Kaskazini waliokuwa wakienda kwa madaktari Ufaransa wakilia maumivu ya mwili mzima, na daktari asione kidonda popote. Maumivu yalitoka katika maisha waliyowekwa kuishi. Hapa kwetu Katanga, padri Placide Tempels aliandika katika kitabu chake cha 1945 kwamba kwa Baluba uhai wa mtu huongezeka au hupungua kupitia wale aliofungamana nao. Mshairi Aimé Césaire alimshambulia kwa kuipa serikali ya kikoloni falsafa ya kuituliza, na mwanafalsafa Paulin Hountondji akakataa kwamba kabila zima liwe na fikra moja. Wote wawili wana haki. Hata hivyo hoja ya mafungamano haihitaji kuwa siri ya Baluba ili iwe kweli. Wale 30,000 hawakuwa Baluba.

Atasema mwingine: amri ilikuwa sahihi, watu wangekufa zaidi. Nakubali. Ila deni lililozuiwa kulipwa kwa sababu nzuri bado ni deni. Ibada zilifunguliwa tena Agosti 2020, mabaa hata kabla ya hapo, lakini sijui nani aliyewaita waliofiwa mbali akasema: sasa tukae. Simu na pesa za M-Pesa zilisaidia kununua jeneza. Hazikai mkekani na mfiwa hadi alfajiri. Wala umbali si kizuizi cha dini. Najashi wa Uhabeshi, mfalme aliyewapokea Waislamu wa kwanza walipohamia kwake wakikimbia mateso ya Makka, alipofariki, Mtume Muhammad alikuwa Madina. Aliwatangazia masahaba kifo hicho siku ileile, akawapanga safu na kumsalia kwa takbira nne, na maiti iko ng'ambo ya bahari. Wanazuoni wanatofautiana kama sala hiyo ni ya kila marehemu wa mbali. Ila jamii nzima ilisimama kwa ajili ya mtu aliyefia asikoweza kufikiwa, na mtu huyo alikuwa mwenyeji wa wageni.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Mwenyeji wa Kamina naye alizika kwa haraka, naye hana kitu. Kwa nini mgeni atangulie? Sisemi atangulie. Nasema mwenyeji ana shangazi, wajomba na majirani ambao baadaye walipita nyumbani kwake mmojammoja, wakaketi, wakamtaja marehemu kwa jina. Mgeni hana hao, na hapo ndipo tofauti ilipo. Kumlipa hakuhitaji mfuko mkubwa. Wakatoliki wanayo tarehe 2 Novemba, wanapoandika majina ya wafu wao na kuyapeleka altareni. Wamethodisti wana vikundi vya akina mama vinavyojua nyumba yenye msiba kabla mchungaji hajaambiwa. Msikitini kuna dua. Kiongozi wa kila mojawapo anaweza kuuliza Jumapili au Ijumaa ijayo ni nani aliyefiwa mwaka 2020 na hakuweza kwenda, kisha apange jioni ya kila nyumba, akianza na zile za karibu na stesheni.