Bustani Juu ya Machimbo

Huko Gedling, karibu na Nottingham, Uingereza, machimbo ya makaa ya mawe yalifungwa mwaka 1991. Wachimbaji wake walitoka nchi nyingi, baadhi yao Jamaica. Na wako waliofia humo. Mwaka 2015 vilima vya kifusi chake vilifunguliwa kuwa bustani ya watu wote. Majani yameota, watoto wacheza.

Atasema msemaji: deni limekwisha lipwa. Sisi twasema: nusu yake. Ardhi ni amana, na mwenye kuichimba kuirudishia uhai ni wajibu, wala si hisani. Lakini majani huponya ardhi. Hayamlipi aliyeacha pumzi yake chini yake. Haki ya huyo ni kukumbukwa. Basi apitaye hapo na astarehe, ila asisahau anakanyaga jasho la nani.